Aliyeshika Mikono

Mpiga picha huyo walimwita Tabasamu, kwa kuwa ndilo neno alilolisema kutwa kwa watu wasiojua waweke wapi mikono yao mbele ya kamera. "Tabasamu kidogo, mama. Tabasamu, bwana harusi, umeoa, hujafiwa." Yeye mwenyewe hakuwa mchekaji. Alikuwa mwembamba, mabega yameinama kidogo kwa mbele, na jicho lake la kushoto lilikuwa na mikunjo mingi kuliko la kulia, kwa miaka yote ya kulifumba huku la kulia likitazama ndani ya kamera.

Alikuwa na studio, chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule, chenye pazia la bluu na kiti cha kuzunguka. Siku hizi watu waliingia humo kwa picha ndogo za vitambulisho tu. Kazi nyingine zote simu zilishazimeza. Kwa hiyo alitoka nje kuwafuata watu waliko: harusini, kwenye mahafali, kwenye siku za kuzaliwa za watoto waliolala kabla keki haijakatwa.

Huko alifuatana na mdogo wake, ambaye mtaani alijulikana kama Mama Pacha. Huyu alikuwa msusi hadi saluni yake ilipofungwa, na kaka yake akamwambia, "Njoo unishikie mwanga." Alichoshika ni duara kubwa la kitambaa cha rangi ya fedha, la kurudisha jua usoni mwa mtu. Wenyewe waliliita sinia. Mama Pacha alijua kuliinamisha kidogo tu, kivuli cha pua kikatoweka, na alikuwa na mkoba wa pini, poda na vitambaa vya kufutia jasho. Wazazi wao walikufa mapema, mmoja baada ya mwingine, na Tabasamu ndiye aliyemlea. Mambo yake ya kuoa yalipita pembeni hivyo hivyo, kila mwaka akisema mwakani. Alipanga chumba kwenye ua uleule aliokaa dada yake, na jioni alikula kwao.

Mume wa dada, Baba Pacha, alikuwa mlinzi. Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kilipofungwa, alikaa nyumbani muda mrefu, akawa mtu wa kutengeneza milango isiyokuwa na tatizo. Ni Tabasamu aliyemwombea kazi kwa ofisa mmoja wa kampuni ya ulinzi ambaye alikuwa amempigia picha za harusi ya binti yake. Wakampa sare na kumpeleka kwenye jengo la vioo.

Jengo hilo lilikuwa la vioo toka chini hadi juu, na mbele yake kulikuwa na ngazi pana za mawe meupe. Alasiri, jua likilipiga kwa ubavu, vile vioo vilibeba mawingu mazima mazima, na mtu yeyote aliyesimama mbele yake alionekana kama maisha yamemnyookea. Kila aliyemaliza chuo alitaka kupigwa picha pale, ingawa wengi wao hawakuwahi kuingia ndani hata kuuliza njia. Baba Pacha akiwa zamu, mambo yalikuwa mepesi. Aliwaona wanakuja, akageuka kukagua magari upande wa pili, na alipomaliza kukagua, wao walishapata picha zao na kuondoka.

Kisha jioni moja, wakiwa mezani, alisema, "Shemeji, pale kwetu pamebadilika. Amekuja msimamizi mpya. Anapenda kuitwa Kamanda, na sisi tunamwita hivyo, tutafanyaje. Hataki kuona kamera kubwa."

"Na simu?" Tabasamu aliuliza.

"Simu hana neno nazo."

"Basi haogopi picha. Anaogopa kamera."

"Mimi sijui anaogopa nini. Kasema kuna mlinzi anayewaachia wapiga picha, na akimjua hatamwacha salama. Msije tena, nakuomba."

"Ngazi zake hatutazikanyaga. Ile njia ya mbele ni ya watu wote."

"Shemeji."

"Nimekusikia, Baba Pacha. Kula."

Mama Pacha alikuwa akiwamwagia watoto maji ya kunawa. Aliyasikia yote.

Haikupita wiki mbili, wakapata kazi ya wasichana wanne waliokuwa wamemaliza masomo ya uuguzi. Walikodi majoho, walisuka nywele, viatu vilikuwa vipya na vinawabana. Walikubaliana kupigwa picha kwenye bustani ya mji. Walipofika, bustani ilikuwa imechimbwa kutoka mwisho hadi mwisho, mafundi wanalaza mabomba, matope kila mahali. Wasichana walisimama wakishika mapindo ya majoho kama watu wanaotaka kuvuka mto.

"Twendeni jengo la vioo," alisema mmoja wao, mrefu kuliko wenzake. "Si mbali."

Mama Pacha alimtazama kaka yake. Tabasamu alitazama jua, akatazama wasichana.

"Tutasimama chini, njiani," alisema. "Na Baba Pacha yupo zamu leo."

Hilo la mwisho ndilo lililomtuliza Mama Pacha.

Walifika, wakasimama kwenye njia ya waenda kwa miguu, ngazi za mawe zikiwa nyuma ya wasichana. Baba Pacha alikuwa juu karibu na mlango mkubwa. Aliwaona, na safari hii hakugeuka kuangalia magari. Alitikisa kichwa mara moja, kidogo sana. Tabasamu alishapiga goti moja chini, jicho limo ndani ya kamera.

"Tabasamu, wauguzi. Mgonjwa akiwaona hivyo mlivyonuna atakufa mapema."

Wasichana wakacheka. Mama Pacha akainua sinia, mwanga ukawapata usoni. Hapo ndipo mlango wa kioo ulipofunguka, akatoka mwanamume mfupi mwenye tai, na nyuma yake mlinzi kijana wa miraba minne ambaye Mama Pacha hakuwahi kumwona.

"Nani kakuruhusu?" yule mwenye tai aliuliza. Alikuwa Kamanda.

Tabasamu aliinuka taratibu na kujipangusa goti. "Habari ya kazi, mkubwa. Tuko njiani hapa, ngazi zenu hatujazigusa."

"Nimeuliza nani kakuruhusu."

"Njia hii hata ng'ombe anapita bila ruhusa. Yule bwana pale anajipiga na simu, naye kakuomba?"

Kweli, pembeni yao kulikuwa na mtu aliyenyoosha mkono na simu yake, anajipiga picha na vioo. Kamanda hata hakugeuka.

"Yule ana simu. Wewe una kamera. Unapiga milango yangu, unapiga walinzi wangu, halafu unapeleka wapi?"

"Napeleka kwa mama zao hawa."

Mmoja wa wasichana alicheka kwa woga. Kamanda hakupenda kicheko hicho. Alimgeukia Baba Pacha, akamwita kwa kidole, na Baba Pacha akashuka ngazi.

"Hawa ndio wanaokuja hapa kila mara. Nimeambiwa. Wewe ndiye uliye zamu siku wanazokuja. Unawajua?"

Mama Pacha alikuwa karibu naye kiasi cha kuona kola ya shati alilolipiga pasi asubuhi ile, na kifungo cha juu alichokishona kwa uzi usiofanana na vingine. Akakumbuka ule mwaka wa kukaa nyumbani, jinsi mume wake alivyokuwa akiwaamkia majirani kwa kuinamisha uso. Aliomba asiseme. Aliomba hivyo kabisa, kwa maneno, moyoni.

"Siwajui, mkuu," alisema Baba Pacha.

"Na wewe mama, nani anawaachia?"

"Hakuna," Mama Pacha alijibu. "Hatumjui mtu hapa."

Tabasamu alimtazama shemeji yake, akamtazama dada yake, kisha akawa kama anayekagua lenzi.

"Basi nipe kadi ya kamera," alisema Kamanda.

"Ndani kuna harusi ya watu, bado sijaihamisha. Picha za hapa nitazifuta mbele yako, moja moja, uone."

"Sikusema ufute. Nimesema nipe."

Tabasamu akaisogeza kamera kifuani, akaifunika kwa mikono yote miwili. Yule kijana wa miraba minne alipiga hatua, na Tabasamu akakaza mwili wote. Lakini Kamanda alimzuia kijana kwa mkono, akamwangalia Baba Pacha.

"Mshike wewe. Si humjui?"

Baba Pacha akaja kwa nyuma, akamshika shemeji yake mikono, juu kidogo ya viwiko. Mama Pacha aliona mabega ya kaka yake yakilegea. Mwili uliokuwa umekaza ukawa laini, kama wa mtu aliyeshikwa na wa kwake. Hakufurukuta hata kidogo. Walimpeleka hivyo hadi mlango wa pembeni, kijana mbele, Kamanda nyuma, na mlango ukafungwa.

"Msiogope," Mama Pacha aliwaambia wasichana. "Wanataka kumtisha tu. Yatakwisha."

Na aliamini. Alishukuru hata, kwamba aliyemshika alikuwa mume wake.

Wasichana watatu waliondoka na majoho yao. Yule mrefu alibaki, amevua joho na kuliweka mkononi. Walisubiri mpaka mawingu yakahama kwenye vioo. Tabasamu alitokea upande wa nyuma wa jengo, kwenye mapipa ya taka, anatembea kwa kupapasa ukuta. Alikuwa na kitambaa kwenye jicho la kulia. Kamera ilining'inia shingoni, mlango wake mdogo wa kadi uko wazi.

"Nimejigonga na mlango," alisema kabla hajaulizwa.

Yule msichana mrefu alimkalisha kwenye ukingo wa barabara, akaondoa kitambaa, akalitazama jicho, akafunika tena kwa upole.

"Unaona nini kwa jicho hili?"

"Kama pazia jeusi, linashuka toka juu."

"Twende hospitali sasa hivi," alisema. "Si kesho."

Walikwenda. Daktari wa macho alikuwa amesafiri na angerudi wiki inayofuata. Aliyekuwepo aliwapa dawa ya matone na bandeji, akasema mgonjwa alale chali asisogee sana. Msichana yule alibishana naye kwa heshima hadi machozi yakamlenga, ila hakukuwa na wa kumsikiliza. Alikuwa na cheti cha juzi tu.

Tabasamu alilazwa kwenye kochi la dada yake. Pacha walimzunguka, wanataka kujua kama bandeji inauma na kama ataivaa shuleni. Jioni Baba Pacha alirudi. Hakupita sebuleni, alizunguka akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma, akasimama karibu na ndoo za maji akiwa bado na sare.

Mama Pacha alizima jiko.

"Nani alimpiga?"

"Yule kijana mpya."

"Kwa nini?"

"Alikataa kutoa kadi. Kamanda akasema atatoa tu. Kijana akampiga ngumi, mara ya kwanza, mara ya pili. Pete ilikuwa kidoleni."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Baba Pacha alitazama sufuria.

"Wewe ulikuwa wapi, nakuuliza."

"Nilikuwa nimemshika."

Mama Pacha alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya kreti tupu.

"Nilidhani watamtisha tu," mumewe alisema. "Kila sekunde nilikuwa nasema sasa wataacha. Naye hakuvuta mkono. Angevuta, ningemwachia. Nakuapia, angevuta kidogo tu."

"Alijua ni wewe. Ndiyo maana hakuvuta."

Toka sebuleni, sauti ya Tabasamu ilisikika ikiwahadithia watoto habari za bibi harusi aliyekanyaga keki. Alikuwa amejua toka mwanzo kwamba wako jikoni na wanazungumza nini, na hadithi ile aliikuza kwa makusudi, watoto wacheke, wasisikie kitu.

Daktari wa macho aliporudi alisema utando wa nyuma ya jicho ulishabanduka wote. Walimpasua, wakamfunga bandeji, wakamfungua. Pazia lilikuwa limefika chini. Jicho lilibaki mahali pake, zuri tu, linageuka na mwenzake, ila halikuona hata taa.

Mwanzoni Tabasamu hakutaka kwenda polisi. "Nikienda nitasema nini? Alinishika nani? Na hao watoto wale nini?" Alifanya mazoezi ya kutazama kwenye kamera kwa jicho la kushoto, na kila picha ilitoka imelala upande. Alimwaga chai pembeni ya kikombe. Akivuka barabara alisikia matusi ya madereva toka upande ambao kwake haukuwepo tena. Baada ya mwezi hivi alikwenda kituoni mwenyewe, bila kumwambia mtu. Alimweleza mpelelezi kwamba alipigwa ndani ya jengo la vioo na walinzi asiowajua majina. Mpelelezi akaenda kuuliza, akarudi na jibu: hakuna aliyepigwa, mtu mmoja mkorofi aliteleza kwenye ngazi. Kamera za jengo siku hiyo zilikuwa mbovu.

Kazini, Baba Pacha alisogezwa. Kamanda aliwaambia walinzi wote kwamba huyu ndiye mtu wa kuigwa, anayejua amri ni nini. Wakamtoa juani, wakampa meza ndani ya ukumbi na koti lenye vifungo vya kung'aa. Aliliacha kazini siku ya kwanza. Siku ya pili mvua ilinyesha, akarudi amelivaa, na Tabasamu alikuwa mezani. Tabasamu alisogea kidogo ili apate nafasi ya kukaa, akala haraka, akaenda chumbani kwake.

Siku ya mapumziko, Baba Pacha alikuwa uani akirekebisha bawaba ya mlango, safari hii mbovu kweli. Pacha walikuwa wakicheza nyuma yake. Mmoja alijifunika jicho la kulia kwa kiganja, akatembea huku amenyoosha mkono mwingine, akagonga ndoo kwa makusudi, akasema, "Samahani, ndugu, sikukuona." Ilikuwa sauti ya mjomba wake, sawasawa. Mwenzake alicheka. "Sasa zamu yangu," alisema. "Mimi mjomba, wewe ndoo."

Baba Pacha aliweka bisibisi chini. Aliingia ndani, akanawa, akavaa shati safi.

"Unakwenda wapi?" mkewe aliuliza.

"Kituoni."

Mama Pacha alikuwa akikunja nguo. Angeweza kumwambia asiende, na alijua angesikilizwa. Alimtafutia kitambaa cha mfukoni, akampa.

Mpelelezi alishangaa kumpata mtu anayeongea. Baba Pacha alieleza yote: amri, mlango wa pembeni, pete, kadi. "Aliyepiga ni yule kijana. Aliyeamuru ni Kamanda. Aliyeshika mikono ni mimi." Mpelelezi aliandika, akamsomea, akampa atie sahihi. Kisha akamwambia avue mkanda na viatu.

Yule kijana wa miraba minne hakupatikana. Kampuni ilisema aliacha kazi zamani na hawajui kwao. Kamanda alileta wakili na watu wawili wa kusema kwamba saa hiyo alikuwa kikaoni ghorofa ya juu. Wasichana waliokuwepo waliitwa, na yule mrefu, ambaye hakuwahi kusema uongo kwa ajili ya mtu, alieleza alichokiona kwa macho yake: mlinzi huyu alimshika mpiga picha na kumwingiza ndani, naye akatoka jicho limeharibika. Kamanda pia alimtaja, ila neno lake, la Tabasamu na la mke wa mshtakiwa halikuwashinda wale mashahidi wawili. Kwa hiyo katika watu watatu waliokuwa kwenye chumba kile na mpiga picha, aliyekiri ndiye pekee aliyekuwa na kesi. Kampuni ilimwachisha kazi siku ileile kwa kukiuka maadili yake.

Mama Pacha alipeleka chakula mahabusu asubuhi, akarudi mchana kushika sinia, jioni akampikia kaka yake. Siku moja aliweka sahani mezani kwa kishindo.

"Ukifuta kesi, anatoka," alisema.

Tabasamu alikuwa akimenya chungwa kwa vidole, taratibu, kwa sababu kwa kisu alikuwa akilikosa.

"Nikifuta, wale wawili wamepona kabisa. Nisipofuta, anaozea yeye peke yake. Nimelala nayo hiyo, nimeamka nayo."

"Mimi ni mke wake, kaka."

"Najua. Na ni mdogo wangu." Aliweka chungwa chini. "Mdogo wangu, nilikuwa namsitiri. Siku ile, hospitali, hapa kwenye kochi, kila siku namsitiri. Nikasema ni woga tu, mtu na watoto wake. Lakini aliponishika kule nje, nikasema sawa. Nilipopigwa ngumi ya kwanza alibaki ameshika. Kati ya ya kwanza na ya pili palikuwa na muda. Ningemaliza sentensi nzima hapo. Yeye alikuwa na mikono miwili na muda wote huo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiwa na hasira. Hakupaza sauti. Mama Pacha alikaa.

"Na mimi je?" aliuliza. "Nilikuwa nje. Nilikuwa na mdomo. Ningesema huyu ni mume wangu na huyu ni kaka yangu, pangekuwa na kelele, watu wangejaa. Nilisema hatumjui mtu. Niliomba naye aseme hivyo."

"Nilikuona."

"Basi nishtaki na mimi."

"Kula," Tabasamu alisema. "Chakula kinapoa."

Kesho yake, kwenye dirisha la mahabusu, Mama Pacha alimweleza mumewe kwamba anajaribu kumwomba kaka yake afute. Baba Pacha alikuwa amekonda, ndevu zimemwota ovyo. Alirudisha kikombe cha uji nusu.

"Mwambie asifute," alisema.

"Una wazimu? Watoto je?"

"Akifuta, litakuwa halikutokea. Kamanda ataendelea kusema shemeji aliteleza. Nikifungwa, angalau mahali fulani patakuwa pameandikwa kwamba alipigwa." Akafikiri kidogo. "Na mimi sitaki kutoka kwa huruma yake. Nitamtazamaje?"

"Hata sasa utamtazamaje?"

Askari aligonga chuma kwa ufunguo, muda umekwisha.

Hakimu alisikiliza kwa siku kadhaa zilizoahirishwa na kuahirishwa tena. Kamanda alikuja na tai yake kutoa ushahidi, akasema kwa masikitiko kwamba kampuni haimfundishi mlinzi kushika raia, na mshtakiwa alifanya kwa kichwa chake mwenyewe. Tabasamu aliulizwa kama anamtambua mshtakiwa. Aligeuza uso mzima ili amwone.

"Namtambua. Ni shemeji yangu. Lakini siye aliyenipiga, na nimesema hivyo toka mwanzo."

"Alikushika?"

"Alinishika."

Baba Pacha alifungwa mwaka mmoja. Hakuna mwingine aliyeshtakiwa. Wiki ileile mbele ya jengo la vioo waliweka minyororo kwenye njia ya waenda kwa miguu, wapita njia wakawa wanashukia barabarani, kwenye magari, na hakuna aliyeuliza.

Maisha yaliendelea kwa kukokotwa. Watoto waliambiwa baba amesafiri kikazi, wakajua ukweli shuleni kabla ya wiki kwisha. Mama wa mwanafunzi mmoja alimhamisha binti yake dawati, asikae na pacha. Studio ikawa ya Mama Pacha kuliko ya kaka yake. Yeye ndiye aliyeweka jicho kwenye kamera sasa, na Tabasamu akakaa pembeni ya mwanga, akimwelekeza. Wenye harusi mbili za kwanza walilalamika. Ya tatu walinyamaza, na kwao ilikuwa sifa.

Tabasamu hakwenda gerezani. Mama Pacha alikwenda kila ilipowezekana, hakumwomba afuatane naye. Miezi ikapita. Asubuhi moja ya baridi, alipokuwa akifunga chakula kwenye kitambaa, alimwona kaka yake amesimama mlangoni amevaa koti.

"Leo hatuna kazi," alisema. "Nitakusindikiza."

Chumba cha kuonana kilikuwa na benchi refu na meza iliyochongwa majina. Baba Pacha alipoingia na kumwona, alisimama. Askari akamsukuma begani akae. Mama Pacha alifungua chakula, akakipanga upya, akakipanga tena, kisha akasema anakwenda kuuliza habari za dawa ya kikohozi, akawaacha.

Walikaa. Baba Pacha alitazama mikono yake mwenyewe juu ya meza, kisha akaitoa mezani.

"Shemeji, mimi..."

"Usianze," Tabasamu alisema. "Ukianza nitaondoka, na nimekuja mbali."

Mtoto wa mfungwa mwingine alikuwa akilia mwisho wa benchi.

"Linauma?" Baba Pacha aliuliza.

"Siku za baridi. Kama leo."

"Na kazi?"

"Anapiga mkeo. Amewakata vichwa wazee wa ukoo mzima, harusi ya juzi. Mashati matupu, safu nzima." Alitikisa kichwa. "Ila watoto anawapiga vizuri. Wanamtulia."

Baba Pacha alitaka kucheka, ikatoka kama kikohozi.

"Binti zako meno yameng'oka," Tabasamu aliendelea. "Wote wawili, ya mbele. Wanazungumza kama wazee. Na ule mlango wako, bawaba imeng'oka tena. Nimeufunga kwa waya."

"Waya hautashika. Kuna skrubu ndefu kwenye kopo, chini ya kitanda."

"Sijaziona."

"Kopo la bluu. Zimechanganyika na misumari."

"Nitatafuta."

Askari alianza kutembea nyuma ya benchi, akigusa watu mabega mmoja mmoja. Mama Pacha alikuwa amerudi, amesimama mlangoni bila dawa. Tabasamu aliinuka, akashika ukingo wa meza kwanza ili ajue ulipo.

"Nitakuja tena mwezi ujao?" alisema, kama anayejiuliza mwenyewe. "Sijui. Kama hakuna harusi."

"Sawa, shemeji," alisema Baba Pacha. "Kama hakuna."